Marekani wamefuta upendeleo, sisi huku Katanga ndio kwanza tunaudai. Nani alipwe, na mpaka lini?

MwanaKatuba
Jambo wakubwa.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilivikataza vyuo vikuu kuangalia rangi ya mwombaji wakati wa kuchagua wanafunzi. Januari 2025 Trump naye akafuta amri ya Rais Johnson ya 1965, ile iliyozitaka kampuni zenye kandarasi za serikali zichukue hatua za makusudi ili waliobaguliwa wapate kazi. Karibu miaka 60, saini moja, basi.

Hapa Lubumbashi, Kongo, upepo unavuma kwingine. Kwenye basi, kanisani, msibani, kote ni madai: Ubelgiji itulipe, Uganda imalize deni la uharibifu wa jeshi lake wakati wa vita, kazi za migodini wapewe wana wa hapa, wanawake wapate nusu, watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga 1992 warudishiwe nyumba zao. Yote tunayatia kwenye kapu moja.

Hoja yangu ni hii. Fidia ni deni. Kuna aliyeumiza, kuna aliyeumizwa, kuna hesabu, na likilipwa limekwisha. Upendeleo ni mlango unaofunguliwa kwa kundi zima, na anayeingia wa kwanza ni mtoto wa tajiri wa kundi hilo, ambaye hata hakuumizwa. Fidia naiunga mkono mpaka senti ya mwisho. Upendeleo wa asili ya mtu naupinga. Nipingeni kwa mifano.

Sheria_Kasapa
Salama. Kwanza tuweke Marekani sawa, maana wengi wanadhani kule kulikuwa na kota mpaka juzi. Kota ya rangi vyuoni ilikufa 1978, kwenye kesi ya Bakke. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California pale Davis ilikuwa imetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa ajili ya waliobaguliwa. Mahakama ikasema kutenga nafasi hapana, lakini rangi inaweza kuangaliwa pamoja na mambo mengine.

Sasa angalieni sababu iliyokubaliwa. Haikuwa deni la utumwa. Walisema darasa lenye watu wa kila namna linawafaa wanafunzi wote. Yaani mtoto mweusi aliingia kwa sababu kuwepo kwake kunamfaa mwenzake, si kwa sababu babu yake alifanyishwa kazi bure. Mwaka 2003 Jaji O'Connor akaandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 jambo hilo halitahitajika tena. Haikufika. Ilikatwa mwaka wa 20.

Kwa hiyo, MwanaKatuba, tatizo la Wamarekani naliona kinyume chako. Upendeleo wao uling'oka kwa urahisi kwa sababu ulikatazwa kusimama juu ya deni.

Mdogo_Kampemba
Mbona deni lao linajulikana? Lincoln aliwaahidi kila familia ekari 40 na nyumbu, halafu wakanyimwa.

Sheria_Kasapa
Mdogo, ile ilikuwa amri ya Jenerali Sherman, Januari 1865, kwa ardhi ya pwani ya Carolina Kusini, Georgia na Florida. Lincoln aliuawa Aprili. Aliyemrithi, Andrew Johnson, akawarudishia mabwana wa zamani ardhi yao kabla mwaka haujaisha. Na ujue waliolipwa ni akina nani: mwaka 1862, watumwa wa mji wa Washington walipoachiwa huru, serikali iliwalipa wenye watumwa, mpaka dola 300 kwa kichwa. Uingereza nayo ilitenga pauni milioni 20 mwaka 1833, zote kwa mabwana. Mtumwa hakupata kitu.

Mama_Ruashi
Mungu wangu. Kumbe fidia iliwahi kulipwa, ila kwa mwizi.

MwanaKatuba mwanangu, nimekusoma. Unasema upendeleo unaingiza mtoto wa tajiri. Ni kweli, na mimi ninayesimamia usawa wa wanawake ndiye ninayeliona zaidi. Katiba yetu kifungu cha 14 kinataka usawa, sheria ya 1 Agosti 2015 ikaongeza, na sheria ya uchaguzi ya 2022 ikasema orodha yenye wanawake nusu inasamehewa ile pesa ya dhamana. Matokeo yake mtaani kwetu? Orodha zikajaa wake na mashangazi wa wagombea. Jina la mama limeandikwa, picha yake haipo hata kwenye bango moja, na hakuna aliyempa nauli ya kufanya kampeni.

Lakini sifungi mlango kwa sababu hiyo. Binti yangu amesoma mambo ya migodi hapa hapa. Kwenye usaili mahali fulani aliulizwa maswali manne ya kazi na sita ya uzazi: umeolewa, mchumba yuko wapi, unataka watoto wangapi, nani atalea ukiwa zamu ya usiku. Niambie, huyo atadai fidia kwa nani? Hakuna aliyempiga, hakuna karatasi, hakuna shahidi. Hesabu yako ya deni haimfikii. Sheria ya kulazimisha nafasi ndiyo pekee inayoweza kumfikia.

MwanaKatuba
Mama, hapo umenibana. Lakini sheria unayoisema imezaa mashangazi kwenye orodha, umesema mwenyewe.

Mama_Ruashi
Imezaa pia waziri mkuu mwanamke wa kwanza, Aprili 2024. Mashangazi leo, kesho binti zao watadai picha kwenye bango.

Mzee_Kamalondo
Wanangu, nimekaa kimya nikisoma. Niseme ya zamani kidogo.

Mimi ni wa Kamalondo, enzi hizo Cité Albert. Kati yetu na mji wa wazungu waliacha eneo tupu makusudi, na usiku Mwafrika akionekana upande ule bila karatasi alilala jela. Baadaye wakaleta kadi. Ya kwanza 1948, kadi ya sifa ya uraia, halafu 1952 ile ya kuandikishwa kwa wale waliotaka kuhesabiwa karibu na mzungu. Kaka ya baba yangu aliomba. Wakaja nyumbani kukagua. Walifungua kabati. Walihesabu uma na vijiko. Walimuuliza mke wake kama anakula meza moja na mume wake au jikoni na watoto. Waliingia mpaka chooni. Mtu mzima, karani mwenye miaka mingi kazini, anasimama uani kwake anangoja mgeni aseme kama yeye ni mtu.

Hiyo nani ataihesabu, MwanaKatuba? Fidia ya uma ni shilingi ngapi?

Na wale waliopigwa risasi Desemba 1941, walipogoma kwenye kampuni ya migodi ya Union Minière, wakakusanywa uwanja wa mpira hapa hapa mjini, wakafa na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Walidai nyongeza ya mshahara. Wajukuu wao wako komini za Katuba na Kenya hapa mjini, huenda baadhi wanasoma uzi huu.

La pili, juu ya kota. Tulizijaribu sisi wenyewe. Enzi ya UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaire, miaka ya 70, nafasi za chuo kikuu ziligawanywa kwa mikoa ili mikoa iliyoachwa nyuma na misheni ipate wasomi wake. Nia haikuwa mbaya, kwa sababu shule za wakoloni hazikugawanywa sawa. Lakini tuliona vijana wenye alama nzuri wanaachwa kwa sababu mkoa wao "umejaa", na tuliona wengine wanabadilisha mkoa kwenye karatasi tu. Kijana aliyezaliwa hapa akawa mtu wa kijiji ambacho hakukijua. Chuki iliyoingia darasani wakati ule haikubaki darasani.

Mdogo_Kampemba
Asante mzee. Ila shilingi huku? Sema franga, Watanzania watakuchukua.

Mzee_Kamalondo
Mimi nilikula shilingi ya Rhodesia kabla baba yako hajazaliwa. Tulia.

Likasi_Moja
Mzee amefika kwangu. Niandike kwa utaratibu kwa sababu jambo hili linanichoma.

Babu yangu aliletwa Likasi, wakati ule Jadotville, na kampuni. Aliandikishwa Kasai, akapandishwa treni na wenzake. Hakuja kuiba kazi ya mtu, alikuja kwa sababu kampuni ilimtaka. Baba amezaliwa Likasi, mimi nimezaliwa Likasi, Kiswahili ndiyo lugha niliyotukaniwa na kubembelezewa. Mwaka 1992 tukaambiwa si wa hapa. Watu walilala kituo cha treni wiki kwa wiki wakingoja mabehewa. Watoto walikufa pale pale kwenye zege. Katanga nzima, hadi 1993, waliofukuzwa walikuwa malaki. Sisi tulirudi baadaye sana, kwa Lubumbashi, si kwa Likasi.

Kitabu cha kiwanja bado ninacho. Kina jalada la kijani lililofifia, kona moja imeliwa na mchwa. Ndani kuna jina la babu kwa mwandiko wa mlalo, namba ya kiwanja, na mihuri ya malipo mwezi kwa mwezi, mingine imepigwa juu ya mingine. Ukurasa wa mwisho kuna nafasi ya "mmiliki mpya" na iko wazi. Hatukuuza. Nyumba inakaliwa na watu ambao nao walinunua kwa mtu, na yule aliyeuza hajulikani.

Sasa MwanaKatuba, fidia yangu ni deni kama unavyotaka: ninaye aliyeumizwa, nina karatasi. Aliyeumiza ni nani? Jirani aliyerusha jiwe? Aliyenunua nyumba kwa nia njema? Leta, yaani serikali, iliyoacha treni zijae? Na mkisema kazi za migodi ziwe za wana wa Katanga, nani atanipimia uana wangu? Kitabu hiki kitatosha, au mtanifungulia kabati na kuhesabu uma?

MwanaKatuba
Likasi_Moja, pole ndugu yangu. Umenisaidia bila kutaka: ndiyo maana nakataa upendeleo wa asili. Aliyeumiza kwako ni Leta. Ilikuwa na polisi, ilikuwa na jeshi, na haikukulinda.

Fundi_Kolwezi
Habari za jioni. Mnasema upendeleo wa asili kama vile ni ndoto, na sisi tunauishi kazini kila siku. Sheria ya 8 Februari 2017 inasema kandarasi ndogo zote, chakula, usafiri, ulinzi, uchomeleaji, wapewe wenye kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Kuna mamlaka kabisa ya kusimamia, ARSP. Hiyo si fidia? Miaka mingapi tulikuwa tunabeba mifuko kwenye ardhi yetu?

Tatizo liko kwenye utekelezaji. Nimefanya kazi na mkandarasi mmoja: kwenye karatasi mwenye kampuni ni Mkongomani mwenye asilimia 51. Ofisini sijamwona. Anayesaini hundi, anayechagua dereva, anayefukuza, ni mgeni. Yule wa asilimia 51 anapewa bahasha kila mwezi kwa kukodisha jina lake.

Jozi_Lushois
Fundi, hiyo tunaijua sana Afrika Kusini, niko huku muda mrefu sasa. Sheria yao ya kuwainua weusi kiuchumi ni ya 2003. Jina la kukodi liko, wana neno lao la mtaani, na ni kosa la jinai siku hizi. Lakini msiidharau. Nimefanya kazi benki ambako mabosi wote walikuwa weupe, na leo wahasibu weusi wamejaa. Hao hawakukodi jina, walisoma.

Na kwa MwanaKatuba anayependa fidia: mwaka huo huo wa 2003 serikali hapa iliwalipa walioandikwa na tume ya ukweli randi 30,000 kila mmoja, mara moja tu. Tume ilikuwa imependekeza zaidi ya hapo, tena kwa miaka sita. Waulizeni wale wamama kama deni limekwisha. Wengine wako barabarani mpaka leo wanadai.

Nairobi_Kule
Niruhusuni, nasoma tu kutoka Kenya (nchi, si komini yenu ya Kenya, nimeona kuna kuchanganyikiwa).

Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee wa Mau Mau waliopigwa na kuhasiwa kambini. Pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za mawakili zikiwemo. Haya ndiyo ninayotaka mjue: walishinda kwa sababu walikuwa hai. Waliokufa kabla hawakuwa na jina kwenye orodha. Na karatasi zilizowabeba zilikuwa zimefichwa Uingereza miaka yote hiyo. Hivyo fidia ya MwanaKatuba, ya mtu na mtu, inamfaa anayeishi muda mrefu na mwenye karatasi. Aliyebaguliwa sana kwa kawaida hana moja wala lingine.

Mama_Ruashi
Umesema vizuri baba wa Nairobi. Likasi_Moja, kile kitabu kipige picha leo hii.

Sheria_Kasapa
Nakubaliana na Nairobi, na niongeze ya karibu. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ilisema Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa kuwachukua watoto chotara kutoka kwa mama zao Wakongomani. Wanawake watano, waliochukuliwa wakiwa hawajafika miaka saba, kila mmoja alipewa euro 50,000. Waziri Mkuu Charles Michel alikuwa ameomba radhi bungeni 2019, lakini radhi haikuleta pesa. Pesa imeletwa na kesi. Watano, kati ya maelfu.

Mdogo_Kampemba
Na zile bilioni 11 za Uganda?

Sheria_Kasapa
Bilioni 11 na zaidi ndizo tulizoomba. Mahakama ya La Haye ilitoa milioni 325 za dola, 9 Februari 2022: 225 kwa watu waliokufa na kuumia, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila Septemba. Mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, uko Kisangani kwa sababu vita vya siku sita vya Juni 2000 vilikuwa pale. Kwa waathirika wengine kuna mfuko mwingine, FONAREV, ulioundwa na sheria ya Desemba 2022.

Sasa jibu hili, MwanaKatuba. Majaji wenyewe walisema ushahidi wa kila mtu haukutosha, wakatoa kiasi cha jumla. Ikiwa majaji wa dunia hawakuweza kuhesabu mtu kwa mtu, hesabu yako ya senti ya mwisho utaifanyia wapi?

MwanaKatuba
Nitaifanyia kwa watu walioorodheshwa, hata kama ni pole pole. Jumla ikigawanywa bila majina inaliwa njiani. Na msinisukumie upande mbaya: Katiba kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa kabila au asili kwenye shule na kazi za serikali. Tangu 1966 kuna sheria inayoadhibu ukabila. Sheria zenyewe ziko upande wangu.

Sheria_Kasapa
Na sheria ya 15 Julai 2022 ya kuwalinda Wambilikimo? Ile inataja watu kwa asili yao, na Bunge lile lile limeipitisha. Wale wa kule jimbo letu la Tanganyika waliambiwa vizazi vyote kwamba hawana ardhi wala usemi. Utawaambia walete kitabu cha kiwanja?

MwanaKatuba
Hao nawakubali. Lakini ni wachache, wanajulikana, na unyonge wao unaonekana kwa macho.

Likasi_Moja
Unyonge unaoonekana kwa macho ya nani?

Fundi_Kolwezi
Kuna njia ya tatu hamjaigusa: kulipa mahali badala ya mtu. Kanuni ya Migodi ya 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: Kinshasa nusu, jimbo asilimia 25, komini au sekta inapochimbwa asilimia 15, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Pembeni kuna asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi. Kampuni ikiuza bilioni moja, hiyo ni milioni tatu za dola kwa mwaka. Hapo huulizi mtu ni Mluba, Mlunda, Msanga au wa Kasai. Unauliza: unakunywa maji ya hapa? Unavuta vumbi la hapa? Basi unadai.

Jozi_Lushois
Hata Marekani kuna mji mmoja umekaribia hapo. Evanston, karibu na Chicago. Unawapa dola 25,000 za nyumba weusi waliokaa mji ule kati ya 1919 na 1969, au watoto wao, kwa sababu ya ubaguzi wa nyumba wa miaka ile. Pesa zilianza kutoka kwenye kodi ya bangi.

Mdogo_Kampemba
Bangi! Bukama ingekuwa imelipa deni la Katanga yote.

Mama_Ruashi
Mdogo, unaandika mbele ya wazazi.

Fundi, wazo lako nalipenda, ila vumbi halikai mahali. Anayechimba Kolwezi mwanawe anasoma Lubumbashi, mama yake yuko Kamina. Na waliofukuzwa waliondoka mahali. Likasi_Moja hanywi tena maji ya Likasi. Ukilipa mahali, umemlipa aliyebaki kwenye nyumba yake.

Fundi_Kolwezi
Hilo ni kweli mama. Sina jibu lake.

Mzee_Kamalondo
Kwenye uzi huu kila mtu ana fidia inayomfaa yeye. Fundi anataka ilipwe mgodini, mama anataka nafasi, MwanaKatuba anataka majina. Mimi ningeanza na radhi iliyoandikwa, yenye muhuri wa Leta, kwa watu wa 1992 na 93. Reagan alisaini sheria ya namna hiyo 1988 kwa Wajapani wa Marekani waliofungiwa kambini wakati wa vita: barua ya radhi na dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai, zaidi ya watu 82,000. Barua ilikwenda pamoja na hundi.

Likasi_Moja
Mzee, ninakuheshimu sana, lakini barua bila nyumba siipokei.

MwanaKatuba
Na nyumba ikirudi, yule aliyenunua kwa nia njema analala wapi? Naye atakuwa na deni kwa Leta. Nakubali hilo ni gumu. Hata hivyo ningependa ugumu huo kuliko kumpima mtu uana wake.

Sheria_Kasapa
Likasi_Moja, swali la kisheria kabla sijalala: kile kitabu, babu aliwahi kukibadilisha kuwa cheti cha usajili baada ya sheria ya ardhi ya 1973? Maana tangu hapo ardhi ni ya Leta, na anayesimama mahakamani ni mwenye cheti.

Likasi_Moja
Hapana. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyebadilisha. Nani alikuwa na pesa ya mpimaji?

Sheria_Kasapa
Basi aliyekaa mule akipata cheti, sheria inamwona yeye, wewe haikuoni. Usitupe mihuri ya malipo, piga picha kila ukurasa, na tafuta majirani wazee wa mtaa ule walio hai, waandikishe maneno yao kwa mthibitishaji. Kama alivyosema mwenzetu wa Nairobi, wakifa wamekwenda nayo.

Mama_Ruashi
Mimi namjua mmoja, alikuwa mwalimu Likasi miaka ile, sasa yuko Ruashi. Nakuandikia kwa faragha.